Unene wa Pumba

Geita, Jumamosi, Oktoba 1953

Joto limeshika tangu asubuhi, lile joto la kabla ya mvua ambalo halina upepo wala wingu. Vumbi la barabara ya mgodini limetanda juu ya mabati, na mbwa wamejilaza chini ya malori. Nimeketi barazani baada ya sala ya Alasiri, na kwa mara ya kwanza wiki hii najua kwa nini barafu yangu iliyeyuka.

Sikufurahi kujua.

Niandike kwa utaratibu, maana nikiandika ovyo nitajidanganya tena.

Mwanangu Mwanahawa anaishi kwa sindano. Mwaka jana alikonda ghafla, akawa anakunywa maji kutwa nzima na kiu haikatiki, mpaka siku moja hakuweza kuinuka kitandani. Nilimpeleka hospitali ya Mwanza nikiamini moyoni kwamba namsindikiza kaburini. Alirudi akiwa hai, akiwa na chupa ndogo za insulini na sharti moja: dawa ikae baridi, lakini isigande. Ikikaa kwenye joto siku nyingi inakufa humo humo chupani, na kwa macho huwezi kutofautisha iliyo hai na iliyokufa. Mgonjwa ndiye anayegundua, naye hugundua akiwa amechelewa.

Mpaka sasa chupa zake zimekuwa zikitunzwa katika friji ya mafuta ya taa ya zahanati ya mgodi. Friji hiyo inahamishwa Alhamisi kwenda kambi nyingine. Friji za Wazungu ziko kule kilimani. Niliuliza mara moja, nikajibiwa kwa upole kwamba friji ya chakula haiwekwi dawa.

Mganga Lukas, anayesimamia zahanati, aliniita akanieleza nichague. Ama nitengeneze mahali nyumbani pa kuhifadhi dawa kwa barafu, mahali ambapo naweza kuapa kwamba hapatapata joto. Ama Mwanahawa akaishi Mwanza kwa mama yake mdogo, Kalunde, ambaye nyumba yake iko jirani na hospitali.

Tangu mama yake afariki, nyumba hii ina watu wawili.

Kwa hiyo nilichagua sanduku kabla Lukas hajamaliza kusema.

Barafu si shida. Kila Jumamosi lori huileta kutoka Mwanza kwa ajili ya nyama ya klabu ya kilimani, na mimi, kwa kuwa karani wa stoo wa miaka mingi, naruhusiwa bonge moja la ratili hamsini. Shida ni kuifanya ifike Jumamosi nyingine. Nilijua kwamba pumba za mpunga huzuia joto vizuri, na pumba hazina mwenyewe. Mashine za kukoboa za Kahama huzichoma moto marundo kwa marundo ili zisizibe njia. Dereva mmoja aliniletea magunia manne. Kilichobaki kilikuwa swali moja tu: kuta za sanduku, yaani nafasi ya pumba kati ya ubao wa ndani na ubao wa nje, ziwe nene kiasi gani?

Swali hilo lina jibu la hesabu, na mimi huzipenda hesabu. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Nilikuwa na karatasi ya wauza mashine za baridi wa Kongo ya Wabelgiji. Ilikuja ndani ya kreti la vipuri, imeandikwa Kifaransa, lakini tarakimu hazina Kifaransa. Ilitaja vitu vingi na namna kila kimoja kinavyopitisha joto: gome la mti wa koki linalotengenezewa vizibo, vumbi la mbao, sufi, na pumba kavu za mpunga. Pumba walizipa 0.04. Maana yake ni hii: chukua ukuta wa pumba wenye upana wa mita moja, kimo mita moja na unene mita moja. Upande mmoja ukiwa na joto kuliko mwingine kwa digrii moja ya Selsiasi, basi kwa saa moja zitapenya kalori kubwa 0.04. Ni kidogo sana. Pumba ni kitu kizuri.

Nilielewa bila kutafsiri, kwa sababu mita ndiyo niliyofundishwa kwanza. Nilizaliwa Pangani, nikasomeshwa Tanga enzi za Mdachi, na mwalimu wetu alitupa kipande cha kamba chenye mita moja kamili tukipime nacho kila kitu, hata sisi wenyewe. Kisha vita ikaja ikanichukua kama karani wa wapagazi. Nilimwambia mama nitakuwa Tabora mpaka mavuno. Sikurudi. Wa kurudiwa hawakuwapo tena, na mimi nikaendelea kusogea na kazi: Tabora, Shinyanga, hatimaye huku kwenye dhahabu. Sasa nimeishi bara muda mrefu kuliko nilivyoishi pwani, na kwa muda huo wote nimefanya kazi kwa futi, inchi na ratili. Mkono wangu unaandika inchi. Kichwa bado kinaona sentimita.

Ubao wa Masanja ni wa inchi. Barafu hupimwa kwa ratili. Kipimajoto alichoniazima Lukas ni cha Farenhaiti. Na karakana ya mgodi ina kadi ukutani yenye kanuni ya kukokotoa joto linalopenya kwenye ukuta, ambayo mafundi huitumia kwa mabomba ya mvuke: tia namba ya kitu chenyewe, zidisha kwa eneo la futi za mraba, zidisha kwa tofauti ya digrii, gawa kwa unene wa inchi. Nikaona ni rahisi kuigeuza ile 0.04 iwe ya Kiingereza mara moja tu, kisha niifuate kadi.

Niligeuza vizuri. Kalori kubwa moja ni vipimo vya joto vya Kiingereza 3.968. Mita ni futi 3.281. Digrii moja ya Selsiasi ni 1.8 za Farenhaiti. Nikazidisha kwa namba ya kwanza, nikagawa kwa ya pili, nikagawa tena kwa ya tatu. Jumla yake ni kuzidisha kwa 0.672. Pumba zikawa 0.027.

Nikaitia 0.027 kwenye kadi, kwa kuta za inchi moja, na sanduku ambalo ndani lina futi kumi za mraba. Ikatoka kwamba kwa wiki nzima zingeyeyuka ratili kumi na moja tu.

Kumi na moja, nami naletewa hamsini.

Nilikunja karatasi nikaenda jikoni kumwambia Mwanahawa kwamba haendi popote.

Masanja alilitengeneza sanduku kwa siku mbili. Ni seremala Msukuma wa hapa hapa, na kwa kuwa mimi ni mtu wa pwani ya Pangani tumewekana watani tangu siku ya kwanza, kwa utani ule wa njia za misafara ambao babu zetu walituachia. Hanisalimii kama watu wengine wanavyomsalimia mzee, bali kwa Kisukuma chake.

“Mwangaluka, mtani,” alisema alipolileta. “Nimekuletea jeneza lako. Fupi kidogo, lakini nitakukunja.”

Nilimwambia mbao zake zina macho mengi kuliko samaki sokoni.

“Hata shetani hapenyi humo,” alisema akilipapasa. “Nimeunga kona kama za mlango wa boma. Ila nashangaa, watu wa pwani mmejuaje kutunza baridi? Kwenu mna baridi ya kutunza?”

Lilikuwa sanduku zuri kweli. Jumamosi iliyopita tuliweka bonge la barafu, kipimajoto, na chupa ya maji mahali pa dawa. Nililitia mwenyewe. Jumapili kipimajoto kilikuwa chini ya digrii arobaini za Farenhaiti, baridi inayoitakiwa dawa, nikaona haya kwa jinsi nilivyofurahi. Jumanne asubuhi niliinua mfuniko nikakuta maji, na kipande cha barafu kama kipande cha sabuni kinaelea.

Masanja alidhani kosa ni lake. Alilibeba sanduku mpaka kibandani kwake bila hata neno moja la utani, akaupiga mfuniko randa upya, akaziba kona zote kwa nta. Nilimwona Jumatano amelala kifudifudi akichungulia mwanga kwenye maungio. Sikumwambia kitu, kwa kuwa sikuwa najua. Lakini niandike ukweli: nilipenda liwe kosa lake. Kosa la seremala hurekebishwa kwa nta.

Leo asubuhi nilikaa nikaacha mambo ya futi kabisa. Nikafanya hesabu yote kwa mita, kilo na Selsiasi, kama mtoto wa shule ya Tanga, bila kuvuka mpaka hata mara moja. Namba ya pumba ni 0.04 kama ilivyo. Eneo, karibu mita moja ya mraba. Tofauti ya joto, digrii kumi na tisa na kitu. Unene, sentimita mbili na nusu. Kilo moja ya barafu hula kalori kubwa themanini kuyeyuka. Nikapata kilo sitini kwa wiki.

Ratili kumi na moja ni kilo tano.

Sitini kwa tano. Nilizitazama hizo namba mbili, na kabla sijagawa nilikwisha kuona ni mara ngapi. Mara kumi na mbili. Na kitu gani katika kazi yangu ya miaka thelathini na zaidi kimekuwa kumi na mbili, kama si inchi zilizomo ndani ya futi?

Nilipogeuza, niligeuza mita kuwa futi. Kwa hiyo 0.027 yangu ilikuwa ya ukuta wenye unene wa futi moja. Kadi ya karakana inataka ya ukuta wenye unene wa inchi moja, maana Waingereza wa mabomba huhesabu hivyo. Wengine huhesabu kwa futi, na kadi haikuandika wazi ni ipi kwa kuwa kila aliyezoea karakana anajua. Ilitakiwa nizidishe mara nyingine kwa kumi na mbili: 0.32. Eneo kwa futi, unene kwa inchi, katika kipimo kimoja. Mwalimu wangu wa kamba angesema huo si mpangilio. Lakini ndio mpangilio wao, nami nimeula mkate wao muda mrefu kiasi cha kuujua.

Kosa lenyewe linasameheka. Linaloniuma ni kwamba sikuihakiki. Mimi niliyewarudisha vijana wa stoo wakahesabu misumari upya nilipata namba iliyosema mwanangu habanduki hapa, nikainuka kwenye kiti. Ingetoka namba mbaya, ningeihesabu mara tano.

Nilikwenda kwanza kwa Masanja. Nilimkuta anachemsha nta.

“Acha nta,” nilimwambia. “Sanduku halivuji. Hesabu yangu ndiyo mbovu. Pumba ni chache.”

Alinitazama, akaweka sufuria chini taratibu.

“Rudia, mtani. Sikio hili lina vumbi la mbao.”

Nikarudia.

“Kwa hiyo mimi nimelala chini mbele ya wateja siku mbili natafuta tundu, na tundu liko kwenye kofia yako.” Akacheka mpaka akaketi. Kisha akanyamaza, kwa sababu anamjua Mwanahawa. “Sasa unataka nene kiasi gani?”

“Inchi sita pande zote. Juu na chini pia.”

“Hilo si sanduku, hiyo ni nyumba. Nitahamia humo mimi.” Akachukua futi yake akaanza kupima mbao zilizobaki. “Nitamaliza Ijumaa. Kabla ya hapo usinibembeleze, hizi mbao hazitoshi.”

Kwa inchi sita, nikihesabu pia kwamba ukuta mnene una uso mkubwa zaidi kwa nje, hesabu mpya inasema ratili thelathini na tisa kwa wiki. Nimeifanya kwa njia zote mbili na zimekubaliana. Nikiongeza joto linaloingia kila mfuniko unapoinuliwa, asubuhi na jioni kwa ajili ya sindano, nafika arobaini na tano. Bonge huletwa hamsini, na linapofika hapa limekwisha kupungua kidogo kwa jua la njiani. Inatosha. Inatosha kwa wembamba wa kucha. Na ile karatasi ya Kongo inasema pumba kavu. Mvua zikianza mwezi ujao, pumba zikinyonya unyevu, joto litapenya kwa urahisi zaidi, na hakuna karatasi inayonieleza ni zaidi kwa kiasi gani.

Friji inaondoka Alhamisi. Sanduku jipya litakamilika Ijumaa. Barafu ya kulijaribia itakuja Jumamosi. Hakuna wiki ya majaribio. Jaribio lingekuwa ndani ya mwili wa Mwanahawa.

Lukas hakuwa anajua habari ya Jumanne. Nilipokuwa napanda kwenda zahanati niliwaza, na naandika kwamba niliwaza, kuwa ningeweza kumwambia tu: sanduku liko tayari, linahitaji kuongezwa unene kidogo. Lisingekuwa neno la uongo.

Lukas alinipa kiti kabla ya salamu.

“Shikamoo, Mzee Abdala.”

“Marahaba, mwanangu.”

Nikamweleza yote. Alisikiliza akiwa anafuta sindano moja kwa pamba, akiigeuza geuza muda mrefu baada ya kuwa safi.

“Hii hesabu ya pili unaiamini, mzee?”

“Naiamini.”

“Na ile ya kwanza?”

“Niliiamini pia.”

Aliweka pamba chini. Alichomeka sindano kwenye kikopo chake. Nje mtu alikuwa akikohoa kwenye benchi. Nami nikasikia sauti yangu inasema kwamba Mwanahawa atapanda basi la Jumatatu, na kwamba nitaomba chupa zake asubuhi hiyo hiyo. Lukas aliitika kwa kichwa. Akasema nizifunge kwenye kitambaa kabla ya kuzitia ndani ya chupa ya chai yenye vipande vya barafu, zisigusane nayo.

Barafu ya leo imo katika sanduku lile jembamba, ambalo Masanja amenirudishia. Litaitunza mpaka Jumatatu, nimehesabu. Kwa siku mbili ni sanduku zuri.

Niliporudi Mwanahawa alikuwa anachambua mchele uani. Nilitaka kulianza jambo kwa mbali, kwa habari ya mvua na pumba. Aliniacha nifike mpaka kwenye unyevu.

“Baba,” alisema, “kwa hiyo naenda.”

“Kwa muda. Wiki tatu, nne. Mpaka sanduku jipya lijaribiwe kwanza.”

“Nilikwisha kufunga nguo.”

“Lini?”

“Jumanne. Niliyaona maji kabla yako. Wewe ulikuwa bado unatia udhu.” Akapuliza makapi kwenye ungo. “Nikaurudisha mfuniko. Nilifikiri ukinywa chai kwanza ni bora.”

Nilimuuliza kwa nini hakusema kitu siku zote hizi.

“Ulikuwa unahesabu,” alisema. “Nilidhani labda utapata.”

Hakukuwa na lawama katika sauti yake, na hilo ndilo lililonifanya niingie ndani kutafuta miwani ambayo ilikuwa usoni mwangu.

Baadaye, tukila, alianza kunieleza habari za Mwanza. Kwamba karibu na kwa mama mdogo Kalunde kuna mama mmoja anayefundisha wasichana kushona kwa cherehani. Kwamba mwaka jana, alipopata nafuu, alikuwa akisimama dirishani kwake akitazama. Kwamba ziwa hulioni pale lakini asubuhi unalinusa. Hajawahi kuniambia haya. Alikuwa akiongea haraka, mkono wenye tonge umesimama hewani, na uso wake ulikuwa na rangi niliyokuwa sijaiona tangu augue. Nilipomtazama sana akanyamaza akaanza kula, kama mtu aliyeshikwa na kitu cha wenyewe mkononi.

Nilimwambia aendelee. Akasema ndiyo hayo tu.

Nimekuwa nikihesabu joto linaloingia kwenye sanduku. Sikumuuliza hata siku moja anachotaka yeye. Nilimwogopea kifo, hiyo ni kweli. Lakini pembeni ya hofu hiyo kulikuwa na mzee asiyetaka kula peke yake, naye ndiye aliyeipokea ile kumi na moja kwa mikono miwili.

Jumamosi ijayo nitaweka barafu katika sanduku la inchi sita, na chupa ya maji mahali pa dawa, nami nitasoma kipimajoto kila siku bila kukipenda wala kukichukia. Masanja atalitukana na kulisifu. Mvua zikija nitaona pumba zinafanya nini. Nadhani litafaulu. Hesabu ni nzuri safari hii. Nimeihakiki kama ya mtu mwingine.

Na likifaulu, nitamwita Mwanahawa arudi? Au nitapanda basi niende Mwanza, nikae kwa shemeji yangu Kalunde, nimwambie mwanangu kwamba sanduku liko tayari, kisha ninyamaze nimsikilize?